Daftari la Skauti: Namna ya Kutunza Kumbukumbu za Mafanikio Yako Tangu Siku ya Ahadi

Kijana mmoja niliyemlea katika skauti alikuja nyumbani kwangu jioni moja, fomu mkononi, jasho linamtoka. "Shikamoo mwalimu, naomba unisaidie, mwisho wa kupokea ni kesho." Alikuwa anaomba ufadhili wa masomo. Ukurasa wa tatu wa fomu ulimtaka aorodheshe kazi za kujitolea alizowahi kufanya: tarehe, mahali, saa alizotumia, jukumu lake, na mtu anayeweza kuthibitisha. Huyu alikuwa skauti kwa miaka 6. Alianza akiwa kabu, yaani skauti wa rika la watoto wadogo, asiyejua kufunga kamba za viatu vyake, akamaliza akiwa kiongozi wa kikosi, kile kikundi kidogo ndani ya kundi. Amepanda miti, amehudumia majeruhi kwenye mashindano ya michezo, amepanga watu uwanjani siku za sikukuu, amelala kambini mara nyingi. Yote aliyakumbuka. Tarehe, hakuikumbuka hata moja.

Tukaitafuta rejista ya kundi. Mwalimu aliyekuwa akiitunza alikuwa amehamishwa, na makaratasi ya zamani yaliyobaki stoo yalikuwa yameliwa na mchwa. Tulikaa mpaka saa 6 usiku na kalenda ya simu, tunakisia: ile kambi ilikuwa kabla ya mtihani wa kidato cha pili au baada yake? Fomu ikaenda na mistari 3. Miaka 6, mistari 3.

Tangu hapo, kila mtoto anapokula ahadi ya skauti, yaani kiapo cha kujiunga rasmi, katika kundi letu, siku hiyohiyo mzazi wake anamkabidhi daftari. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaeleza mzazi na mtoto siku ile, pamoja na mambo niliyojifunza baadaye kwa kuona madaftari ya vijana wengi yakifaulu na mengine yakifa njiani.

Hatua ya 1: Jua daftari ni la nani

Kundi lina rejista yake, wilaya ina faili zake, na chama cha skauti kina orodha yake ya wanachama. Hivyo ni vya chama. Daftari ninalolizungumzia ni lako wewe skauti, linalala kwenu nyumbani, na unaondoka nalo ukihama shule, mkoa au nchi.

Nasisitiza hili kwa sababu vijana wengi hudhani kumbukumbu zao "zipo ofisini". Skauti ilifika Zanzibar mwaka 1912 na Tanganyika mwaka 1917, kwa hiyo tuna wazee waliopita humu kizazi baada ya kizazi. Nimewauliza kadhaa wanionyeshe chochote cha ujana wao katika skauti. Wana simulizi nzuri mno, na pengine picha moja iliyofifia. Karatasi hawana, maana kila mmoja aliamini mtu mwingine anamtunzia.

Mtoto wa umri wa kabu hawezi kuandika kurasa ndefu, na asilazimishwe. Yeye achore na aseme, mzazi aandike chini ya mchoro kwa maneno ya mtoto mwenyewe, na kuweka tarehe. Akifika miaka 10 au 11 akabidhiwe kalamu. Mzazi asiendelee kuandika baada ya hapo hata kama mwandiko wa mtoto unamkera.

Hatua ya 2: Vifaa

Huhitaji vingi. Nunua kaunta buku lenye jalada gumu kwa ajili ya daftari kuu, kijitabu kidogo kinachoingia mfuko wa shati, faili la mifuko ya plastiki kwa ajili ya vyeti, na bahasha moja kubwa ya kaki kwa vitu visivyo na mahali. Daftari la kuchomoa karatasi silipendi. Karatasi inayochomoka kirahisi hupotea kirahisi, na anayesoma hawezi kujua kama kuna ukurasa uliondolewa.

Kwenye daftari kuu andika kwa bolpeni ya kawaida. Kwenye kijitabu cha mfukoni tumia penseli. Kambini mvua hunyesha, jasho hulowesha shati, na wino wa kalamu nyingi hutawanyika ukiguswa na maji, lakini penseli hubaki pale pale. Kijitabu hiki ndicho kinachokwenda nawe porini. Daftari kuu lisitoke nyumbani isipokuwa siku ya kusainiwa.

Kabla ya kuandika neno lolote, weka namba kwenye kurasa zote za daftari kuu, juu kulia. Ni kazi ya dakika 15 tu, na ndiyo itakayokuwezesha baadaye kuandika "tazama uk. 46" badala ya kurudia maelezo.

Hatua ya 3: Kurasa za mwanzo, na habari ya jina

Kurasa za 1 na 2 ziache wazi kwa ajili ya yaliyomo. Ukurasa wa 3 andika jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa, kundi lako, wilaya, mkoa, namba ya uanachama kama unayo, tarehe na mahali ulipokula ahadi, na majina ya viongozi waliokuwepo. Wengi husahau tarehe ya ahadi kabla ya kitu kingine chochote, ilhali ndiyo siku unayoanzia kuhesabu miaka yako ya skauti.

Sasa jina. Tafadhali liandike kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Kwetu huku mtoto mmoja huwa Yusuf nyumbani, Yusufu shuleni na Yusuph kwenye cheti cha kambi, na hakuna anayejali mpaka siku mtu wa ofisini anapoweka karatasi mbili mezani na kusema hizi ni za watu wawili. Kutoka hapo unatafuta wakili, unaandikiwa hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na unalipia. Kwa hiyo kila ukipewa cheti, soma jina lako pale pale uwanjani kabla ya kupiga picha ya furaha. Likiwa limekosewa, mwombe kiongozi wa kambi arekebishe kabla hamjatawanyika. Baada ya wiki moja bado mtaelewana. Baada ya mwaka yule aliyesaini hatakuwa na cheti kingine kitupu, na mhuri utakuwa kwa mtu mwingine.

Hatua ya 4: Kuandika tukio

Hapa ndipo kazi ilipo. Haya ndiyo maandishi ninayokutana nayo kwenye madaftari mengi:

"Tulienda kambi Muheza. Tulijifunza mambo mengi. Tulifurahi sana."

Si uongo, lakini baada ya miaka mitano hayatamsaidia mtu yeyote, hata aliyeyaandika. Linganisha na haya, niliyoyatunga kwa mfano:

"Ijumaa 14 hadi Jumapili 16 Juni 2024. Kambi ya vikosi 3, uwanja wa shule, Muheza. Usiku 2 kwenye hema. Nilikuwa naibu kiongozi wa kikosi, tulikuwa vijana 7. Jukumu langu: jiko. Jumamosi nilipanga zamu za kuni na maji, nikapika ugali na maharage kwa watu 24 nikisaidiwa na wenzangu wawili. Chakula kilichelewa saa nzima kwa sababu nilikubali kuni mbichi. Jumapili nimefaulu jaribio la kufunga bendeji ya mkono uliovunjika. Shahidi: kiongozi wa kundi."

Mistari hiyo huandikwa kwa dakika 10. Ina tarehe, mahali, nafasi yako, ulichofanya kwa namba, lililoharibika, na shahidi. Ukikosa nafasi ya mengine yote, hayo manne usiyaache: tarehe, mahali, nilichofanya, shahidi. Nimewaambia vijana wangu wayaandike ndani ya jalada la kijitabu cha mfukoni ili wayaone kila wanapokifungua.

Kuna tatizo moja la kwetu ambalo lazima nilitaje, maana nimelipigania kwa miaka. Tumelelewa tusijisifu. Mtoto mwenye adabu husema "tulifanya", na mimi naipenda adabu hiyo. Lakini daftari likijaa "tulifanya" tupu, hakuna anayeweza kujua wewe ulikuwa wapi katika hiyo "tu-". Ulikuwa unachimba mashimo, au ulikuwa kivulini unalinda viatu? Andika kwanza "tulipanda miti 40", kisha endelea: "mimi nilichimba mashimo 11 na nikabeba maji kutoka kisimani safari 6." Hapo umeheshimu wenzako na umesema kweli juu yako. Kutaja kazi uliyoifanya kwa mikono yako si majivuno. Majivuno ni kutaja usiyoifanya.

Lililoharibika nalo uliandike. Vijana wengi wanaliruka, na nawaelewa. Lakini mhojaji anapomuuliza kijana "eleza wakati ulipokosea na ulichofanya baadaye", mwenye kuni mbichi kwenye daftari lake anacho cha kusema, tena cha kweli.

Miti ina kanuni yake ya ziada. Kila mtu anaandika idadi aliyopanda. Nenda tena baada ya miezi 6 uhesabu iliyo hai, na uandike mstari mwingine chini ya ule wa kwanza. Kati ya 40 ikibaki 23, andika 23, na kwa nini: mbuzi, ukame, au hakuna aliyemwagilia wakati wa likizo. Mstari huo wa pili una thamani kuliko wa kwanza, kwa sababu unaonyesha ulirudi.

Safari za miguu ziwekee ramani ya kuchora kwa mkono: mlipoanzia, mto, njia panda, mlipolala, na umbali kwa kilomita. Usiogope kwamba hujui kuchora. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alichora mwenyewe picha za kitabu chake cha mwaka 1908, na nyingi ni michoro ya mistari michache tu inayoeleweka.

Tena, andika kilichotokea, usinakili ratiba. Jamborii ya dunia, ile kambi kubwa ya skauti wa nchi nyingi, ya mwaka 2023 huko Saemangeum, Korea Kusini, ilipangwa kuanzia tarehe 1 hadi 12 Agosti. Joto lilikuwa kali mno, wajumbe wa Uingereza na Marekani wakaondoka kambini mapema, na tarehe 8 kambi nzima ikahamishwa kwa sababu ya kimbunga Khanun. Skauti aliyebandika ratiba kwenye daftari lake na kuandika "nimekaa kambini siku 12" ana kumbukumbu ya uongo bila kukusudia. Aliyeandika kila jioni ana historia.

Na ndiyo, kila jioni. Usiseme utaandika ukifika nyumbani. Kambini chukua dakika chache kabla ya moto wa kambi, kwenye kijitabu chako cha mfukoni, maneno machache ya kukukumbusha. Ukirudi nyumbani una siku 3 za kuyahamishia kwenye daftari kuu. Nimeona kwamba zikipita hizo, shule inaanza na daftari linalala.

Hatua ya 5: Beji

Kila beji unayoifanyia kazi ipe ukurasa wake siku unayoianza, usingoje uipate. Juu andika jina la beji na mahitaji yake yote, moja kila mstari. Kila unapofaulu hitaji moja, weka tarehe na aliyekupima. Chini kabisa acha nafasi ya tarehe mbili: siku uliyokamilisha, na siku uliyokabidhiwa. Hizi huachana sana. Kijana anaweza kumaliza majaribio Machi na beji yenyewe ikaja Oktoba kwa sababu zilikuwa hazijafika mkoani, na akiombwa tarehe hataki kubahatisha.

Ukivuka daraja, yaani ukitoka rika moja la skauti kwenda la juu yake, anza sehemu mpya ya daftari kwa ukurasa mtupu. Kwa wenzetu wa Kenya hatua hizi zina majina mazuri ya Kiswahili: Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri. Huku kwetu kabu anapanda hadi kufikia rova, daraja la vijana wakubwa. Kwenye ukurasa huo wa kuvuka andika sherehe ilivyokuwa, nani alikupokea, na unaacha jukumu gani nyuma.

Beji za kitambaa usiziache zioze kwenye sare iliyokubana. Zifumue taratibu kwa wembe, nyuma ya kila moja andika namba ya ukurasa wake kwenye daftari, halafu zishonee kwenye blanketi lako la moto wa kambi. Hiyo ni desturi ya skauti wa nchi nyingi, na ukikaa nalo gizani moto unawaka, wadogo wanakuuliza "hii ya nini?" na unakuwa na la kuwasimulia.

Hatua ya 6: Vyeti

Usivikandamize kwenye plastiki ya moto. Najua kila steshenari wanaifanya, na cheti kinatoka kinang'aa. Lakini cheti kilichofunikwa hivyo hakipokei tena mhuri wala sahihi, na kuna ofisi zinazotaka kugonga mhuri nyuma ya cheti halisi. Kukibandua haiwezekani bila kukiharibu. Kiweke kwenye mfuko wa plastiki wa faili, hakuna zaidi.

Siku unayopata cheti, toa nakala mbili. Ukitakiwa nakala iliyothibitishwa, peleka halisi na nakala kwa wakili au mahakamani, wagonge mhuri kwenye nakala. Cheti halisi hakiachwi kwa mtu, hata akiahidi kukirudisha kesho.

Nyuma ya kila nakala, kwa penseli, andika ukurasa wa daftari unaoeleza cheti kilipatikanaje.

Hatua ya 7: Saa za huduma

Geuza daftari, anzia nyuma. Chora safu: tarehe, kazi, mahali, saa, jumla, sahihi. Kila huduma inachukua mstari mmoja, na safu ya jumla unaijumlisha palepale, ili wakati wowote ukiulizwa una saa ngapi ujibu bila kuhesabu upya.

Hesabu saa za kazi tu. Kungoja gari si huduma. Safari ya kwenda si huduma, wala soda mliyokunywa baadaye. Kama mlifika saa 2 asubuhi, mkaanza kufagia soko saa 3 na kumaliza saa 5 na nusu, andika 2.5. Vijana wengine hunilalamikia kwamba kundi jirani wanahesabu siku nzima. Nawajibu kuwa atakayekuja kukagua atauliza soko lina ukubwa gani.

Ukali huu una faida hasa kwa wanaofanya tuzo zenye masharti ya muda. Chukua Tuzo ya Rais ya Kenya, ambayo ni tawi la tuzo ya kimataifa iliyoanzia Uingereza mwaka 1956, na ambayo skauti anaweza kuifanya sambamba na beji zake. Ina Shaba, Fedha na Dhahabu. Kijana anaanza Shaba akiwa na miaka 14, Fedha 15, Dhahabu 16. Anatakiwa kuonyesha huduma kwa jamii, ujuzi, mazoezi ya mwili na safari ya ujasiri, na kwenye Dhahabu anaongeza kukaa siku 5, usiku 4, akifanya kazi na watu asiowazoea. Zile tatu za mwanzo zinakwenda kwa wastani wa saa 1 kila wiki, na Shaba haikamiliki chini ya miezi 6. Safari ya Shaba ni siku 2 na usiku 1, ya Fedha siku 3 na usiku 2, ya Dhahabu siku 4 na usiku 3.

Angalia neno "kila wiki". Kijana aliyefanya saa 13 mwisho wa juma mmoja hakutimiza miezi 3 ya saa moja kila wiki, hata kama jumla ni ileile. Mpangilio wa tarehe ndio unaoonyesha uvumilivu, na ndiyo maana mstari mmoja kwa kila siku ya kazi ni bora kuliko mstari mmoja kwa mwezi. Ukikosa wiki kwa ugonjwa au mtihani, andika "sikufanya, mtihani". Pengo lililoelezwa halimtii mtu shaka.

Hatua ya 8: Mashahidi

Sahihi inatafutwa siku ileile au mkutano unaofuata. Shahidi awe mtu mzima aliyekuwepo na aliyeona: kiongozi wa kundi, mwalimu, muuguzi wa zahanati mliyosafisha, mwenyekiti wa mtaa. Aandike jina, cheo, tarehe, na asaini. Kama ana mhuri, agonge. Asiwe mzazi wako, hata kama alikuwepo.

Kwa kiongozi mwenzangu anayesoma: usisaini kurasa 10 kwa mkupuo ukiwa unaharakia basi. Soma. Ukikuta mtoto ameandika alichofanya mwenzake, mwite pembeni mzungumze kwa upole, afute kwa mstari mmoja unaoonekana, aandike lililo kweli. Sahihi yako ndiyo itakayoaminiwa miaka 10 baadaye na mtu ambaye hamtakutana.

Hatua ya 9: Picha na nakala kwenye simu

Kila ukurasa ukijaa, upige picha mchana, karibu na dirisha, simu ikiwa juu ya daftari bila kuinama. Faili lipe jina linaloanza na mwaka: 2024-06-14-kambi-muheza-1. Kwa jina la namna hiyo simu au kompyuta itazipanga zenyewe kwa mfuatano wa tarehe. Picha yenye jina ambalo simu imejitungia utaitafuta siku nzima.

Picha za tukio zisiwe nyingi. Chagua 3: moja ukiwa kazini, moja ya kazi ilipokamilika, moja ya kundi. Picha zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp hupunguzwa ubora, kwa hiyo mwombe aliyepiga akutumie kama faili, si kama picha. Kisha zihifadhi sehemu mbili mbali na simu, mfano kwenye barua pepe yako na kwenye kompyuta ya ndugu. Simu huibiwa.

Mtoto chini ya miaka 18, nakala hizi zishikwe na mzazi. Wala usiweke hadharani cheti kinachoonyesha jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na shule ya mtoto, hata kama furaha imekujaa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, lakini hata kabla ya sheria, mtu asiyemjua mtoto wako hahitaji kujua anasoma wapi.

Hatua ya 10: Siku ya kujumlisha

Kila mwaka tenga siku moja ya kulisoma daftari lote. Mimi nimechagua 22 Februari, siku aliyozaliwa Baden-Powell mwaka 1857, kwa sababu kundi hukutana siku hiyo na ni vigumu kuisahau. Tunakaa saa moja. Kila mtu anajaza ukurasa mmoja: usiku aliolala kambini mwaka uliopita, saa za huduma, kilomita alizotembea, beji alizomaliza, jukumu aliloshika, na jambo moja analotaka kulifanya mwaka unaoanza. Halafu anaingiza kurasa mpya kwenye yaliyomo.

Siku hiyohiyo skauti wengi wa Kenya huenda Nyeri, alikozikwa Baden-Powell baada ya kufariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake limechongwa duara lenye nukta katikati, ile alama tunayoiweka mwisho wa njia ya kufuatilia nyayo: nimekwenda nyumbani. Ukijaaliwa kufika, ichore kwenye daftari lako kwa mkono wako, usiishie kupiga picha.

Hatua ya 11: Ukiwa umechelewa kuanza

Wengi mtakaosoma hapa mna miaka ya skauti nyuma yenu na hamna daftari. Anzeni leo, kisha rudini nyuma kidogo kidogo. Fungua picha za zamani kwenye simu, kwa kawaida zimehifadhi tarehe. Muulize mwenzako wa kikosi kimoja, kila mmoja aandike peke yake anachokumbuka kabla ya kulinganisha, la sivyo mtaambukizana kumbukumbu. Tazama vyeti, barua za ruhusa ambazo mzazi alisaini, stakabadhi za mchango wa kambi. Kiongozi wa zamani hata akiwa amehamia mbali, anaweza kuandika barua fupi ya kuthibitisha anachokikumbuka.

Kurasa hizi zote ziandike juu "kwa kukumbuka", na tarehe uliyoziandika. Usipojua siku, andika mwezi. Usipojua mwezi, andika mwaka. Usibuni tarehe ili ukurasa upendeze. Tarehe moja ya uongo ikigundulika, mtu anafunga daftari lote.

Hatua ya 12: Kulitumia

Unapoomba shule, kazi au ufadhili, usibebe daftari zima. Toa ukurasa mmoja. Chagua mambo 5 au 6 yanayohusiana na unachoomba, na uyaeleze kwa lugha ya mtu ambaye hajawahi kuvaa skafu. "Kiongozi wa kikosi cha Chui" hakumwambii kitu. "Niliongoza vijana 7 kwa miaka 2, nikapanga kambi 4" anaelewa mara moja. Ukimwomba kiongozi wako barua ya utambulisho, mpelekee na ukurasa huo. Atakuandikia barua yenye mambo ndani yake, si ile ya "namfahamu, ni kijana mtiifu".

Daftari lenyewe likae kwenye sanduku la bati, juu ya meza au kabati, si sakafuni ambako mchwa hupanda. Ukanda wa pwani unyevu ni adui wa pili: litoe mara moja kwa mwezi lipate hewa kivulini, kurasa ukizipeperusha kwa kidole.

Yule kijana wa mistari 3 sasa ana mdogo wake wa kike katika kundi letu, kabu wa miaka 8. Kaka ndiye aliyemnunulia kaunta buku, na ndiye aliyemwekea namba za kurasa. Wiki iliyopita binti alinifungulia ukurasa wa 4. Amechora kamba mbili zimeshikana, moja nyekundu na moja ya bluu, na chini yake mama ameandika: "Jumamosi. Nimefunga fundo la kuunganisha kamba mbili, mara tatu, bila kuonyeshwa. Mara ya nne limefumuka." Nikamwomba kalamu, nikasaini.